Namba Nne

Kazini walimwita Jicho. Jina hilo halikutokana na uzuri wa macho yake, ambayo yalikuwa madogo na makali kama ya mtu anayesubiri ujieleze. Lilitokana na kazi. Katika kiwanda kidogo cha uchapaji chenye mashine mbili za kidijitali, yeye ndiye aliyehakikisha kwamba nyekundu ya Jumatatu ni nyekundu ileile ya Alhamisi. Watu hudhani ukiiambia mashine itoe nyekundu, inatoa nyekundu. Thubutu. Chumba kikipata joto rangi inahama, karatasi ikinyonya unyevu inahama, wino mpya ukiwekwa inahama, na mashine haikwambii. Jicho alilipwa kuikamata kabla haijafika kwa mteja.

Ndiyo maana Jumamosi ile mchana, sebuleni kwa bintiye, mtoto alipofunguliwa nepi, bintiye alitazama kilichomo ndani ya nepi na Jicho akatazama kadi.

"Namba nne," bintiye alisema. Alikuwa ameishika kadi ubavuni mwa nepi, karibu na dirisha, kama alivyofundishwa kliniki. "Salama. Kila siku namba nne. Huyu bwana hana mambo mengi."

"Mume wangu ana msimamo," Jicho alisema, kwa mazoea tu. Mjukuu alikuwa mume wake tangu siku aliyozaliwa, na utani huo ulikuwa umeshajifunza kutoka wenyewe. Lakini macho yake hayakutoka kwenye kadi.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa kiganja, yenye miraba saba ya rangi. Mitatu ya kwanza ilikuwa ya kupauka: chokaa, maziwa yaliyoganda, udongo mkavu. Chini yake paliandikwa kwamba choo cha mtoto kikiwa na rangi hizi, mpeleke hospitali leo. Minne iliyobaki ilianzia manjano mpaka kijani, na chini yake neno moja: salama. Mtoto ambaye nyongo yake haishuki tumboni choo chake hupauka, na ini lake huharibika polepole huku ananyonya na kunenepa kama wenzake. Akigunduliwa kabla ya miezi miwili, daktari wa upasuaji ana cha kufanya. Baada ya hapo kila wiki inakula matumaini. Jicho aliyajua hayo kwa sababu kadi zilichapwa kwao, elfu nane, na yeye ndiye aliyekaa na daktari siku mbili nzima wakibishana juu ya mraba wa tatu na wa nne. Kadi yote ilikuwa pale katikati. Upande mmoja mtoto mzima, upande wa pili mtoto anayekwisha.

Na huu mraba wa nne aliokuwa anautazama haukuwa wake.

"Nipe niione," alisema.

"Si unazo elfu nane kazini?"

"Nipe."

Aliisogeza dirishani. Mraba wa nne alioupitisha ulikuwa na manjano ya kiini cha yai la kuchemsha. Huu ulikuwa umefifia, kama kiini hichohicho kikionekana kupitia mfuko wa nailoni. Karatasi nayo ilikuwa nyeupe mno, nyeupe yenye ubuluu ndani yake, nyeupe ya shuka za wodini. Karatasi waliyokubaliana na daktari ilikuwa na umaziwa kidogo, weupe unaoelekea manjano.

Hapo ndipo alipotazama nepi. Kilichokuwemo kilifanana na mraba ule wa kufifia, sawasawa, kama vile mtu alichovya brashi humo.

Akainua macho, akatazama uso wa mtoto.

"Macho yake yako hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Manjano."

"Tangu azaliwe. Nesi alisema ni manjano ya watoto wachanga, yataisha. Akaniuliza choo kikoje, nikamwambia namba nne, akasema basi hakuna shida." Bintiye alikuwa anafunga nepi mpya, mikono ikienda haraka. "Mama, usianze. Wewe ukiona chunusi unaandika wosia."

Jicho angeweza kusema palepale. Hakusema. Pazia la kijani linatosha kuharibu rangi nzima ya chumba, na mtu akiogopa, macho yake humletea kile anachokiogopa. Katika kazi yake mtu hasemi rangi imekosea kabla hajapima. Sheria hiyo alikuwa amewapigia kelele wenzake mpaka wakaiota. Nakala ya idhini, ile yenye sahihi yake na ya daktari, ilikuwa kabatini kazini, ndani ya bahasha nyeusi isiyopitisha mwanga.

"Ana siku ngapi leo?" aliuliza.

"Thelathini na tisa. Bibi gani wewe hujui?"

"Hiyo nepi usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, uiweke."

"Niiweke ya nini?"

"Iweke tu, mwanangu. Narudi sasa hivi."

Kiwanda kilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Alitembea katikati ya watu waliokuwa wametoka kununua mikate na betri na viatu vya shule, na kwake kila mpita njia alikuwa kama mtu aliyeko upande wa pili wa kioo. Alijaribu kuhesabu. Thelathini na tisa kutoka sitini ni ishirini na moja. Wiki tatu. Akahesabu tena, kana kwamba jibu lingeona aibu libadilike. Kulikuwa na jambo jingine lililomgonga kichwani, la siku zile kadi zilipochapwa, lakini kila lilipotaka kuingia aliongeza mwendo.

Ndani ya kiwanda alikuwepo Wino, mwendesha mashine, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata tangu aajiriwe. Alikuwa anakata lebo za dawa ya kikohozi.

"Leo si zamu yako," alisema. "Au umekuja kutuvizia?"

"Washa kipima rangi."

"Salamu kwanza, mama. Hata polisi husalimia."

"Wino. Washa."

Akaiona sura yake, akawasha.

Kipima rangi ni kidude cha kushikwa mkononi. Ukikiweka juu ya rangi kinaisoma na kutoa tarakimu, na tarakimu hazina pazia wala hofu. Jicho alitoa nakala ya idhini kwenye bahasha, akailaza chini ya taa ya ukaguzi, akaweka kadi ya bintiye pembeni. Hakuhitaji kupima. Hata Wino, ambaye kwa kawaida hakuona tofauti mpaka aonyeshwe, alivuta pumzi kupitia meno. Lakini alipima. Tofauti ikiwa mbili, jicho la kawaida halioni kitu. Ikifika tatu, kiwandani kwao walikuwa wanatupa kazi yote. Mraba wa nne ulitoa saba nukta nne.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika kazi yoyote. Akalinganisha mraba wa nne wa kadi ya bintiye na mraba wa tatu wa nakala ya idhini. Moja nukta sita.

Zilikuwa rangi moja. Kina mama waliambiwa salama pale ambapo wangeambiwa wakimbie.

Aliweka kipima rangi mezani. Mashine ya pili ilikuwa inachapa kazi nyingine, ikitoa karatasi moja baada ya nyingine kwa ule mlio wake wa kupuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa mlio huo ulimtia woga.

"Hii kadi umeitoa wapi?" Wino aliuliza.

"Kwa mwanangu. Hii ni karatasi gani?"

Wino alijikuna shingo, akajiachia alama nyeusi. "Ile ya maziwa iliisha. Zilikuwa zimebaki kadi elfu tatu hivi. Nikachukua ile nyeupe ya vyeti, unene wake ni uleule, nikaendelea. Mashine si ilikuwa imepimwa asubuhi?"

"Ilipimwa kwa karatasi ya maziwa. Ilikuwa inahesabu umaziwa wa karatasi ndani ya manjano. Ukiitoa karatasi, manjano nayo imeondoka."

"Sikufikiri hivyo."

"Na kila boksi la mia tano linapimwa kabla halijafungwa. Linaandikiwa kikaratasi. Linatiwa sahihi. Sita yalipitaje?"

Wino alimtazama, kisha akatazama lebo zake, kisha akaenda kwenye rafu na kuleta faili. Aliifungua taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Vikaratasi vya asubuhi, kumi, vilikuwa na tarakimu zake zote. Vya mchana vilikuwa sita. Nafasi za tarakimu zilikuwa tupu. Chini ya kila kimoja palikuwa na sahihi, na mkia wake ulijikunja kulia kama kawaida yake.

Sasa lile jambo liliingia, likakaa. Saa tano asubuhi ya siku ile simu ilikuwa imelia. Bintiye alikuwa amefikishwa wodini, uchungu umemshika mapema, mume wake yuko safarini, na alikuwa analia kwenye simu kama mtoto wa darasa la pili. Mama njoo. Njoo sasa hivi. Wino akasema nenda, mjukuu hangoji foleni. Na Jicho, mkoba ukiwa begani tayari, alisimama kwenye meza hiihii akatia sahihi vikaratasi sita vitupu, ili kazi isisimame. Miaka minne kabla yake alikuwa amemfukuzisha kazi mtu kwa kosa hilohilo, na alilala usingizi mzuri usiku ule.

"Nilikuona ukisaini," Wino alisema kwa sauti ndogo. "Nikasema kama amesaini yeye, basi iko sawa."

Mlango wa ofisi ulifunguka. Bosi wao alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila alipoogopa, na sasa aliipangusa kwa muda mrefu huku akisikiliza. Alitazama vikaratasi. Alitazama tarakimu. Akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Tusikurupuke," alisema. "Jumatatu tukae, tumwite na mwanasheria, tuandike barua iliyokaa sawa. Tukianza kupiga simu leo tutazusha taharuki."

"Wapo watoto ambao Jumatatu watakuwa wamefika siku ya sitini."

"Huna hakika."

"Sina. Wewe unayo?"

Bosi akavaa miwani. "Ukifungua jambo hili leo, dada, linaanza na wewe. Sahihi ni yako. Sikutishi, nakwambia tu lilivyo."

"Naijua sahihi yangu." Alikuwa tayari anachomoa orodha ya usambazaji kwenye faili. Maboksi sita ya mwisho yalikwenda kliniki nne. Akampa Wino. "Piga simu zote. Waambie wazitoe kadi zenye karatasi nyeupe, wasimpe mtu yeyote, na mtoto yeyote aliyepimwa kwa kadi hizo aangaliwe upya. Wakikuuliza ni nani kasema, taja jina langu la kwenye kitambulisho, si Jicho."

Wino alimtazama bosi. Bosi alitazama sakafu. Kisha akasema, "Tumia simu ya ofisini. Ina salio."

Jicho alichukua kadi moja ya karatasi ya maziwa, akaipima mara mbili, akaitia ndani ya bahasha na kutoka.

Alipokuwa njiani kurudi alijikuta anaomba jambo la ajabu: awe amekosea. Yeye ambaye alijivunia kutokosea, alikuwa anaomba jicho lake liwe limeoza, kipima rangi kiwe kibovu, akifika aweke kadi ya kweli kando ya nepi na isome tano, sita, chochote. Bintiye amcheke. Amseme mwaka mzima.

Bintiye alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Simu yako haipokelewi. Nimekaa hapa naangalia mfuko wa mavi kama mlinzi."

"Mfuko uko wapi?"

Waliufungulia dirishani. Jicho alivuta pazia mpaka mwisho. Hakuilaza kadi yeye mwenyewe, alimpa bintiye.

"Soma."

Bintiye aliinama. Jicho aliusikia mwendo wa saa ya ukutani, na pumzi ya mtoto iliyokuwa na mkwaruzo mdogo wa maziwa. Bintiye aliisogeza kadi kulia. Akairudisha kushoto. Akaigeuza kutazama nyuma, kana kwamba maelezo mengine yangekuwa huko.

"Tatu," alisema. "Lakini hii ni kadi tofauti."

"Hiyo ndiyo kadi. Ile yako imeharibika."

"Imeharibiwa na nani?"

Jicho alikuwa ameandaa maneno njiani, kuhusu karatasi na umaziwa na vipimo vya asubuhi. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Na mimi," alisema. "Siku uliyojifungua. Nilisaini maboksi kabla hayajapimwa, nikaja kwako."

Bintiye hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimshusha mtoto begani, akamtazama usoni, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, taratibu, akaona kilichokuwepo siku zote.

"Nilikulilia uje haraka," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana. Kalamu niliishika mimi. Vaa viatu."

Hospitalini hawakungoja sana. Jicho alimwekea daktari wa zamu nepi mezani, na kadi mbili, akaeleza kwa sentensi nne, na daktari, mwanamke kijana mwenye uchovu wa tangu juzi, akaacha kuandika. Alibonyeza tumbo la mtoto upande wa kulia, vidole vikitafuta ukingo wa ini. Akatafuta tena. Damu ikachukuliwa, mtoto akalia kilio cha kukatikakatika, na bintiye akamshika bila kumtazama mama yake. Kisha picha ya tumbo. Kisha kungoja kwenye benchi la mbao lililopakwa rangi ya kahawia, mabaka matatu tofauti ya kahawia, na Jicho akiyaona yote matatu na kutamani asingeyaona.

Majibu yalikuja jua likielekea kuzama. Nyongo haikuwa inashuka. Kesho angelazwa, na daktari wa upasuaji angemwona.

"Siku thelathini na tisa," daktari alisema. "Sisemi atapona. Nasema mmewahi. Wengi ninaowaona hapa wana siku tisini, mia, na mama zao hawakuwa na kosa lolote."

Alipoondoka, walibaki wawili na mtoto, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi. Hofu haikuondoka. Ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Jicho alisikia simu ikitetemeka mkobani. Alikuwa Wino.

"Kliniki tatu zimepokea, wamezifungia," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuongea. "Hawakuwa wamefungua hata boksi. Ya nne ndiyo tatizo. Wao ndio waliokuwa wanagawa. Nesi yuko peke yake leo, analia. Amenitumia picha za daftari lao, watoto wote waliopewa kadi walio chini ya miezi miwili. Wako sitini na wanne. Na namba za simu za mama zao. Mjukuu wako naye yumo, mstari wa kumi na mbili."

"Nitumie."

"Jicho, nimeshaanza kupiga kutoka mwisho. Wawili hawapatikani."

"Nitumie, nianze juu."

Picha ziliingia. Mwandiko wa nesi ulikuwa wa kuegemea kushoto, safi, jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, namba. Jicho alivaa miwani ya kusomea. Alipiga ya kwanza. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapokea mwanamume aliyedhani anauziwa bima, ikachukua dakika nzima kumwelewesha, na mwishoni akasema mke wake yuko sokoni na kadi walimpa mtoto mkubwa aichezee. Jicho alimwambia ampeleke mtoto mchanga hospitali leo hata hivyo. Alimwambia mara tatu. Hakujua kama angekwenda.

Alipokata, alibonyeza namba ya pili kimakosa mara mbili.

Bintiye alikuwa anamtazama. Tangu watoke nyumbani hakuwa amemtazama hivyo, na Jicho hakujua ndani ya macho yale kulikuwa na nini. Rangi aliyoiona haikuwa na jina. Bintiye alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akatoa simu yake mfukoni.

"Nipe nusu," alisema.

"Una mtoto mkononi."

"Mkono mmoja unatosha. Nipe kuanzia ishirini."

Walipiga bega kwa bega, wakishushiana sauti kwa ajili ya aliyelala. Habari yako, mama fulani? Samahani kukusumbua. Mtoto ana siku ngapi? Ile kadi ya rangi uliyopewa kliniki. Wengine walicheka. Wengine waliuliza kama ni matapeli. Mmoja alikata bila kusema neno, akapiga mwenyewe baada ya dakika moja, sauti imebadilika.

Kwenye mstari wa ishirini na sita bintiye aliweka simu kwenye spika, kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mchangamfu, na nyuma yake redio ilikuwa inaongea. Alisema mtoto hajambo, ana siku hamsini na moja, na tena ndio kwanza amechafua nepi, subiri nikaangalie. Walisikia kandambili zikienda. Walisikia redio ikizimwa. Jicho alishikilia ukingo wa benchi.

"Nimeiona," mwanamke alisema. "Nimeiweka na kadi hapa. Ni namba nne, dada. Salama."

Bintiye aliinamia simu mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

"Iache hiyo kadi," alisema. "Geuka, itazame nepi peke yake. Sasa niambie wewe mwenyewe unaona rangi gani."